Kikapu cha Chooni au Mfuko wa Mtaani: Ulinganisho kwa Wanafunzi Wanaojitolea Kupambana na Umaskini wa Hedhi

Kikundi cha wanafunzi kinachotaka kupambana na umaskini wa hedhi, yaani hali ya mtu kukosa bidhaa za kumsitiri siku zake zinapofika, kwa kawaida huanza na fedha kidogo, moyo mkubwa, na swali ambalo hulijibu upesi mno: tununue pedi ngapi? Swali hilo lina nafasi yake, lakini linapaswa kutanguliwa na jingine, nalo ni upungufu upi hasa kikundi kinataka kuuziba, kwa sababu chini ya jina hilo moja kuna hali mbili ambazo dawa yake haifanani. Yupo mwanafunzi aliyeingia mwezini ghafla katikati ya mhadhara, ambaye bwenini ana pedi na pengine ana pesa ya kununua nyingine, ila hapo alipo hana kitu na anaogopa kusimama kwa kuhofia kwamba amechafuka. Yupo pia msichana au mama ambaye kila mwezi hulazimika kuchagua kati ya pedi na mahitaji mengine ya nyumbani, akaishia kutumia vitambaa chakavu, karatasi, au pedi moja kwa kutwa nzima. Wa kwanza amepungukiwa kwa saa mbili, wa pili amepungukiwa kwa miaka.

Si kweli kwamba wa kwanza wote wako chuoni na wa pili wote wako mtaani, kwani chuo chochote kina wanafunzi wanaoishi kwa kubana matumizi hadi mwisho. Hata hivyo, mgawanyo huo unasaidia kupima njia ambazo vikundi vingi huzifikiria. Kipimo nitakachokitumia katika ulinganisho huu ni kimoja: je, njia hii itaendelea kufanya kazi walioianzisha wakiwa kwenye mitihani, wakiwa likizo, au wakiwa wamekwisha kuhitimu?

Chuoni: kikapu cha wazi au dawati la kuomba

Njia ya kwanza ni kuweka kikapu au kisanduku cha pedi ndani ya choo, mtu achukue anachohitaji bila kuandika jina. Njia ya pili ni kuziweka pedi mahali penye mtu, kama vile ofisi ya serikali ya wanafunzi, zahanati ya chuo au kwa mlezi wa bweni, ili anayehitaji aende aombe.

Ubora wa kikapu ni kwamba hakimwulizi mtu kitu. Kinamfaa aliyeshtukizwa, kwa sababu kiko palepale anapogundua kwamba siku zake zimefika, na kinamfaa mwenye haya, ambaye angeweza kukosa vipindi vya siku nzima kuliko kumweleza mtu asiyemjua kwamba hana pesa ya pedi. Dawati halina sifa hizo. Linafunguliwa kwa saa za kazi, lina foleni, na mara nyingi lina mtu mwenye nia njema anayeuliza maswali mengi kuliko inavyohitajika. Ikiongezwa fomu ya kuthibitisha uhitaji, wanaokuja hupungua, na kikundi huweza kudhani kwamba uhitaji wenyewe ndio uliopungua.

Dawati nalo lina ubora ambao kikapu hakiwezi kuufikia: linaweza kumpa mtu pakiti za mwezi mzima badala ya kipande kimoja, linajua limegawa ngapi na kwa watu wangapi, na linaweza kumsikiliza anayesema kwamba damu yake inajaza pedi kila saa moja au mbili, hali ambayo inahitaji kuonwa na mhudumu wa afya na wala haitatuliwi kwa kumwongezea pedi.

Hofu inayotajwa kila mara kikapu kinapopendekezwa ni kwamba watu watazizoa zote. Hofu hiyo si ya bure, lakini nadhani husomwa vibaya. Anayechukua pedi kumi kwa mkupuo huenda asiwe mwizi hata kidogo. Huenda ni mtu wa lile kundi la pili aliyejikuta mbele ya msaada ulioandaliwa kwa ajili ya kundi la kwanza, akafanya hesabu yake haraka. Ukifunga kikapu kwa kufuli, umemkosesha yeye na umemkosesha pia aliyeshtukizwa. Jibu lenye akili zaidi ni kubandika juu ya kikapu tangazo fupi linaloeleza mahali pa kupata za mwezi mzima bila kuulizwa sababu, kisha kuhakikisha kwamba mahali hapo pana mfuko uliofungwa tayari, ambao mtu anaupokea na kuondoka. Kwa namna hiyo kikapu kinabaki kuwa cha dharura, na dawati linapoteza sehemu kubwa ya aibu yake.

Sheria za sehemu mbalimbali nazo zimeukabili uchaguzi huu. Sheria ya California ya mwaka 2021 ilizitaka shule za umma zenye wanafunzi wakubwa kuweka bidhaa za hedhi vyooni, pamoja na angalau choo kimoja cha wanaume, lakini kwa vyuo vya jamii na mfumo wa chuo kikuu cha jimbo iliridhika na angalau sehemu moja ya katikati inayofikika katika kila kampasi. Ufaransa mwaka huohuo ilitangaza kuweka mashine za bidhaa hizo bila malipo katika makazi ya wanafunzi na vituo vyao vya afya. Scotland, ambayo sheria yake ilianza kutumika kikamilifu tarehe 15 Agosti 2022, iliwataka watoa elimu, vikiwemo vyuo vikuu, wahakikishe kwamba bidhaa zinapatikana kwa urahisi, kwa heshima, na kwa aina zaidi ya moja. Mimi ningeegemea upande wa choo. Sehemu moja ya katikati katika kampasi yenye majengo yaliyotawanyika ni dawati kwa jina lingine, kwa sababu aliyechafuka hatembei nusu kilomita.

Anayechagua kikapu ajue kwamba gharama yake kubwa haimo katika kununua pedi, imo katika kukijaza. Kikapu kilichojazwa siku ya uzinduzi na kukutwa kitupu wiki ya tatu kinaumiza kuliko kutokuwapo kwake, maana kuna mtu atakayekuja akikitegemea bila kubeba chochote. Kwa sababu hiyo ni heri kuanza na vyoo viwili, cha maktaba na cha ukumbi wenye mihadhara mingi, vyenye zamu ya kujaza inayojulikana, kuliko vyoo kumi visivyo na mwenyewe. Choo cha watu wenye ulemavu kisisahauliwe, na kikapu chake kisiwekwe juu mahali ambapo aliye kwenye kiti cha magurudumu hawezi kupafikia. Pedi ziwe zile zilizofungwa moja moja, kwani choo kina unyevu. Na kabla ya yote hayo, kikundi kizungumze na wahudumu wa usafi. Choo chenye kikapu cha pedi lakini kisicho na pipa lenye kifuniko kitaziba ndani ya muda mfupi, na wanaozibua ni wao. Wakikichukia kikapu, hakitadumu, na lawama haitakuwa yao.

Mtaani: pedi za kutupa, za kufua, au kikombe

Nje ya chuo hesabu hubadilika. Mtu anayetumia pedi nne kwa siku kwa muda wa siku tano anatumia vipande 20 kwa kila mzunguko, na kwa mizunguko 12 au 13 ya mwaka anahitaji kati ya vipande 240 na 260. Kikundi kinachotaka kuwatosheleza wasichana 50 kwa mwaka mmoja kinazungumzia vipande visivyopungua 12,000. Ukiitazama hesabu hiyo, ile ziara ya kugawa pakiti moja moja inaonekana kwa ukubwa wake halisi: pakiti ya vipande vinane haimalizi hata mwezi mmoja, na msichana aliyepewa atarudi kwenye vitambaa vyake kabla picha za ziara hazijasahaulika.

Hilo halizifanyi pedi za kutupa kuwa chaguo baya. Zinajulikana, hazihitaji mafunzo marefu, na panapokosekana maji ndizo zinazoweza kutumika kwa usafi. Zinafaa sana pale ambapo kikundi kinasaidia watu wachache kwa uhakika wa kurudi kila mwezi, au palipotokea janga lililowaondoa watu makwao. Udhaifu wake mwingine ni utupaji: sehemu kubwa ya pedi hizi ni plastiki, haziozi upesi, hujaza vyoo vya shimo, na msichana asiye na mahali pa kuzitupa huzificha au hukaa na moja kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Pedi za kufua zinalingana vizuri zaidi na uwezo wa wanafunzi. Seti moja iliyotunzwa vizuri huweza kutumika kwa mwaka au zaidi, na yenyewe inashonwa: kitambaa laini cha pamba juu, tabaka za kunyonya katikati, kitambaa kisichopitisha maji chini, na mabawa yenye kifungo. Wanafunzi wanaweza kuzishona pamoja na watakaozitumia, na ujuzi ukabaki mtaani baada ya wao kuondoka. Masharti yake, hata hivyo, ni mazito kuliko yanavyoelezwa katika mabango. Zinahitaji maji, sabuni na jua. Zifuliwe kwanza kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huigandisha damu kwenye kitambaa, kisha zianikwe mahali pa wazi hadi zikauke kabisa. Hapa ndipo mipango mingi hukwama. Msichana anayeishi katika nyumba ambamo hedhi haitajwi hataanika pedi yake kwenye kamba ambayo kaka na baba wanaiona; ataificha chini ya godoro au nyuma ya nguo nyingine, nayo itabaki na unyevu, itoe harufu, imwashe. Kabla ya kushona pedi hata moja, kikundi kiulize: utaianika wapi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama pedi za kufua zinafaa mahali hapo.

Kuna jambo dogo ambalo husahaulika mara nyingi kiasi cha kushangaza: pedi, ya kutupa au ya kufua, haikai bila chupi. Mfuko wenye pedi nzuri bila chupi mbili za kubadilisha ni mfuko wa nusu, na kwa baadhi ya wapokeaji chupi ndiyo sehemu yenye thamani kubwa zaidi.

Kikombe cha hedhi, kinachotengenezwa kwa silikoni na kuvaliwa ndani ya uke kikikinga damu badala ya kuinyonya, kinazishinda bidhaa zote kwa hesabu. Kinaweza kukaa hadi saa 12 kabla ya kumwagwa, huchemshwa kati ya mzunguko mmoja na mwingine, na kikitunzwa huweza kudumu hadi miaka kumi. Mapitio ya tafiti 43 yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Public Health yalikiona kuwa salama na chenye kuzuia kuvuja sawa na bidhaa nyingine au zaidi, na katika tafiti 13 zilizouliza jambo hilo, asilimia 73 hivi ya washiriki walitaka kuendelea kukitumia utafiti ulipomalizika. Mapitio hayohayo yalionyesha jambo ambalo wanafunzi wanapaswa kulisoma mara mbili: kuzoea kikombe huchukua mizunguko kadhaa, na msaada wa wenzake unamfaa sana anayejifunza.

Kwa hiyo kikombe kinachopelekwa kwa ziara ya siku moja karibu kwa hakika kitabaki kwenye mfuko wake. Kinamtaka mtumiaji awe na maji ya kunawa mikono, chombo cha kuchemshia ambacho hakuna atakayekitilia mashaka, na mtu wa kumwuliza mwezi wa kwanza kinapokaa vibaya. Wazazi nao watauliza kuhusu ubikira, na hawakosei kuuliza. Ni heri wajibiwe kabla ya ugawaji kuliko vikombe kutupwa baada yake. Mtumiaji mwenye kitanzi cha uzazi wa mpango apate kwanza ushauri wa mhudumu wa afya, kwa sababu kikombe kinaweza kukiondoa mahali pake. Kikundi kisichoweza kurudi mahali palepale angalau kwa miezi mitatu mfululizo kiachane na vikombe, hata kama vimetolewa bure.

Tamponi sitaizungumzia kwa kirefu. Inapaswa kubadilishwa kila baada ya saa nne hadi nane, inahitaji mikono safi kila mara, na ikiachwa ndani muda mrefu huongeza hatari ya ugonjwa adimu lakini mkali unaosababishwa na sumu ya bakteria, ambao mwaka 1980 uliishtua Marekani. Chuoni inaweza kuwekwa kwenye kikapu pamoja na pedi kwa wale wanaoizoea. Mtaani, kama mgawo mkuu, siioni sababu yake.

Kalenda ya chuo na kalenda ya mwili

Hapa ndipo kile kipimo nilichokitaja mwanzoni kinapofanya kazi yake. Kikundi cha wanafunzi kina udhaifu ambao shirika la kawaida halina: kinatoweka kwa wiki kadhaa kila muhula, na kila mwaka hupoteza viongozi wake wazoefu. Hedhi haifuati ratiba hiyo. Chuo kikifungwa, vikapu vya vyooni vinaweza kusimama kwa sababu watumiaji wengi nao wameondoka, ingawa wapo wasio na mahali pa kwenda, na hao wanafaa kupewa mfuko wa miezi ya likizo kabla ya milango kufungwa. Mtaani hakuna likizo. Ahadi ya kupeleka pedi za kutupa kila mwezi inavunjika mwezi uleule wa mitihani, na anayevunjiwa ni mtu ambaye huenda ameacha kuweka akiba ya pedi kwa kuwa aliambiwa zitakuja.

Kwa mtazamo huu uchaguzi unageuka karibu kinyume cha kawaida ya vikundi vingi. Bidhaa za kutupa, ambazo vikundi hupenda kuzipeleka mtaani kwa ziara, mahali pake hasa ni chuoni, ambako wapo watu wa kujaza kila wiki. Bidhaa za kudumu, ambazo mara nyingi huonyeshwa chuoni kwenye meza za maonyesho, ndizo zinazopaswa kupelekwa mtaani, kwa sharti kwamba maji yapo na mtu wa palepale, kama mwalimu wa kike au mhudumu wa afya ya jamii, amekubali kuendelea na maswali wanafunzi wakiwa hawapo. Palipokosekana maji, nisingelazimisha; ningechagua watu wachache na pedi za kutupa za mwaka mzima zilizonunuliwa na kuhifadhiwa mapema, badala ya watu wengi na ahadi.

Tarehe 28 Mei, ambayo tangu 2014 huadhimishwa kuwa Siku ya Hedhi Salama Duniani, inaweza kutumika vizuri au vibaya kwa mantiki hiyohiyo. Siku hiyo wafadhili hujitokeza kwa urahisi. Kikundi chenye busara hukusanya siku hiyo na kugawa kidogo kidogo katika miezi inayofuata, hasa ile ambayo hakuna anayekumbuka.

Kugawa au kudai

Baadhi ya wanafunzi huona kwamba kugawa pedi ni kuziba tundu la mtungi uliopasuka, na kwamba nguvu zielekezwe katika kudai sera. Mifano inawaunga mkono kwa sehemu. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye bidhaa hizi mwaka 2004, na mwaka 2017 ikatunga sheria ya kuwapa pedi bila malipo wasichana waliobalehe walio katika shule za umma. Tanzania iliondoa kodi hiyo mwaka 2018 na kuirudisha mwaka 2019, kwa maelezo kwamba bei kwa mlaji haikushuka. Funzo la mfano huo wa mwisho ni la kiutendaji: anayedai punguzo la kodi afuatilie pia bei dukani, kwa kuwa punguzo linaweza kuishia mikononi mwa wauzaji.

Kwa kikundi cha wanafunzi, dai lililo karibu zaidi na lenye uwezekano wa kukubaliwa ni kwamba chuo kiziingize pedi katika bajeti ileile inayonunua sabuni na karatasi za choo. Dai hilo na kikapu havishindani. Idadi ya pedi zilizochukuliwa kila wiki, ikiandikwa kwa muhula mzima bila jina la mtu yeyote, ni ushahidi ambao afisa wa fedha anaweza kuupigia hesabu, ilhali hotuba hawezi. Kikundi kinachogawa bila kuandika kinapoteza nusu ya faida ya kazi yake, na kinachodai bila kuwahi kujaza kikapu hakijui kinadai kiasi gani.

Kati ya kupokea michango ya pedi na kupokea pesa, pesa ni bora karibu kila mara, kwa sababu michango ya vitu huja na ukubwa na aina zisizolingana. Pesa, hata hivyo, zinahitaji daftari la wazi na watu wawili wa kutia saini. Picha za wapokeaji wakishika pakiti zisipigwe kabisa. Mfadhili anayezitaka apewe daftari.

Uamuzi kwa hali mbalimbali

Kikundi kipya chenye watu sita na fedha za muhula mmoja kianze na vyoo viwili vya chuo na mifuko ya mwezi mzima, kisitoke nje ya kampasi kwanza. Kikundi chenye washonaji na uhusiano wa kudumu na shule au kata moja iliyo na maji kichague pedi za kufua pamoja na chupi, na kianze na darasa moja. Kikundi chenye wanafunzi wa uuguzi au udaktari, kilicho na uhakika wa kurudi mahali pamoja kwa miezi, kinaweza kuongeza kikombe kwa watu wazima wanaokitaka, kikiacha pedi za kufua ziwe chaguo la wengine. Kikundi kikubwa ambacho kikapu chake kimedumu kwa mwaka mzima kipeleke daftari lake kwa utawala wa chuo.

Na kikundi chochote, kabla ya kuagiza katoni ya kwanza, kiandike majina mawili: la atakayebaki na ufunguo wa stoo wakati wa likizo, na la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayefundishwa sasa kuushika mwakani.